Moshi Kwenye Kibanja cha Evaristi

Babu yangu Evaristi Nsabimana alitoweka Novemba 1978, na mimi nikazaliwa Januari iliyofuata. Tulipishana kwa wiki tisa. Katika kijiji chetu, huku Nyabiyonza, wiki hizo tisa zilitosha kunifanya mjukuu wa msaliti kabla sijapewa jina.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na kila mtu aliisimulia kwa maneno yale yale: vita vilipoanza, Evaristi alifunga mfuko wake, akaelekea Murongo, akavuka kwa Amin. Chuo cha ualimu kilinifundisha jambo moja kuhusu wanafunzi. Watoto ishirini wakileta jibu moja lenye kosa moja, ujue mmoja ameandika na kumi na tisa wamenakili. Nilitaka kumjua aliyeandika.

Huenda ningeendelea kutaka hivyo bila kuinuka kwenye kiti, kama si daftari la vibanja. Agosti 1998, nikiwa nimemaliza chuo na nasubiri kupangiwa shule, serikali ya kijiji iliamua kuandika upya mashamba yote. Kamati ilipita nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti wake, Projest, alisimama katikati ya migomba yetu, akazungusha macho, kisha akamuuliza baba:

"Anastazi, kaburi la baba yako liko wapi?"

"Mama yuko pale," baba akasema, akionyesha kaburi la bibi Vestina chini ya mparachichi.

"Mama nimemwona. Nauliza baba."

Huku kwetu kibanja hakina hati. Hati yake ni makaburi. Aliyeanzisha shamba amelala ndani yake, wanawe wanapalilia pembeni ya kichwa chake, na hakuna wa kuwauliza kitu. Familia isiyo na kaburi la mwanzilishi inahesabiwa kama wapangaji. Tena sisi ni watu wenye asili ya Rwanda, na tangu wakimbizi waliporudishwa kwao mwaka 1996, majirani waliokula kwetu miaka yote walikuwa wameanza kusikiliza jinsi tunavyotamka maneno.

Projest alitupa wiki tatu. Tuonyeshe kaburi, au tulete ushahidi kwamba Evaristi alikufa akiwa mtu wa kijiji. La sivyo kibanja kingeandikwa cha mtu aliyehama nchi, na kingerudi mikononi mwa kijiji.

"Au mwandikieni barua huko Uganda," mjumbe mmoja akaongeza, "aje ajizike mwenyewe."

Huyo alikuwa Melkiory, mtu mnene wa miaka arobaini na kitu, mwenye kofia ya pama. Wenzake wakacheka. Nilimwendea. Baba akanishika mkono wa shati.

"Theoneste, kaa chini."

Nilikaa. Lakini ilikuwa mara yangu ya mwisho kumtii katika jambo hilo.

Walipoondoka nikamuuliza, "Baba, babu alivuka kweli?"

"Watu wanasema."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema mbuzi hawajapata majani tangu asubuhi."

Ndivyo alivyokuwa. Baba yangu aliweza kuongea saa nzima kuhusu ugonjwa wa mibuni, lakini ukitaja jina la baba yake alikumbuka kazi. Na kulikuwa na jambo jingine lililonikera tangu utotoni. Kila Novemba alikata nyasi mizigo mitatu, akazibeba kichwani, akaenda kuzitandaza katika shamba la jirani yetu, Mzee Kashaija. Hakulipwa. Hakuombwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ujirani. Nilipokua nikaanza kudhani ni woga, kwamba yule mzee anamshikilia baba kwa kitu fulani.

Nilianzia Bugomora, kwa bibi Mukabera. Yeye na babu walitoka Rwanda pamoja mwaka 1947, kwa miguu, wakitafuta kazi. Nilimkuta anamenya ndizi mbele ya nyumba yake, kisu hakitulii.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa Nsabimana. Usiniambie, naona masikio."

Alinieleza mengi kuliko niliyoyasikia nyumbani kwa miaka kumi na tisa. Babu alikuja na blanketi moja walilogawana watu watatu. Tajiri wao wa kwanza hapo Bugomora alimlaza kwenye banda la mbuzi, naye babu akawapa mbuzi wote majina ya machifu. Alijifunza Kinyambo ndani ya mwaka mmoja, lakini kuhesabu alihesabu Kinyarwanda, hata kanisani vidole vilipohesabu rozari. Alikuwa mkamuaji wa rubisi asiye na mfano. Wengine walikanyaga ndizi kimya kimya. Yeye aliimba, na alidai pombe iliyokamuliwa na mtu mwenye hasira inaumiza kichwa.

"Halafu akaenda huko kwenu Nyabiyonza, kibarua wa Kashaija. Mwaka 1953 Kashaija akamkatia shamba. Nilikuwepo. Walipanda mulamula mpakani, sote tukanywa."

Mulamula ndio mti wetu wa mpaka. Ukisimikwa mbele ya watu, hakuna anayeugusa.

"Bibi, inasemekana mwaka wa vita alivuka mto kwenda Uganda."

Kisu kikasimama. Kisha mwili wote ukaanza kutikisika kwa kicheko, hata nikaogopa atajikata.

"Nsabimana avuke mto? Mwanangu! Tulipokuja alivuka Kagera akiwa amefumba macho, nimemshika mkono, analia kama mtoto. Tulipofika ng'ambo akaapa mbele yetu: hatavuka tena mto wowote hadi afe. Hata kijito cha kwenu alikizunguka. Huyo aliyesema amevuka hakumjua. Au alimjua sana."

Yale maneno ya mwisho niliyabeba hadi Murongo. Nilifika kwa lori la ndizi, na kutoka stendi hadi kivukoni nikapanda bodaboda ya baiskeli. Pale nilielekezwa kwa Kaijage, mzee aliyekuwa na kibanda cha chai karibu na kivuko tangu kabla ya vita.

"Novemba ile?" akasema. "Wanajeshi walifunga. Hata mbuzi wa padri hakuvuka. Mtu mwenye mfuko angepigwa risasi kabla hajalowa ukucha." Akanitazama vizuri. "Kijana, unamtafuta aliyevuka, au unamtafuta aliyesema kuna mtu amevuka?"

"Wa pili," nikasema.

"Basi umekuja mbali bure. Huyo yuko kwenu."

Niliporudi nilifanya kama mwalimu anayesaka daftari lililonakiliwa. Kila aliyesema babu alivuka, nilimuuliza: nani alikuambia? Huyu akanipeleka kwa yule, yule akanipeleka kwa marehemu fulani, mjane wa marehemu akanipeleka kwa Anatolia, jirani yetu wa upande wa chini, ambaye hakuna kuku aliyewahi kupita mbele ya nyumba yake bila yeye kujua anakwenda kwa nani.

"Kashaija ndiye alisema," Anatolia akajibu bila hata kufikiri. "Kashaija alimwona kwa macho yake, njia ya Murongo, na mfuko begani."

Yule yule ambaye baba alimpelekea nyasi kila Novemba.

"Lakini," akaendelea, akipunguza sauti ingawa tulikuwa wawili tu, "mimi siku hiyo nilimwona Evaristi akiingia kwa Kashaija. Ameinama hivi, kashika ubavu. Kutoka, sikumwona."

"Mama Anatolia! Miaka ishirini! Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Waliuliza kama ameonekana Murongo. Mimi Murongo sijawahi kufika." Akanishika mkono. "Ukienda kule, mwanangu, usitafune kitu."

Nilikuwa na kila kitu. Kibarua anakatiwa shamba zuri. Miaka inapita, shamba linazaa kahawa, mwenye kulitoa anajuta. Vita vinakuja, kibarua anaingia nyumbani kwa tajiri wake wa zamani na hatoki, na tajiri ndiye anayetangaza kwamba amekimbia. Nilikwenda hadi kwenye mpaka wetu, nikachungulia upande wa Kashaija. Kule ndani, hatua thelathini kutoka mpakani, ulisimama mulamula mmoja mnene, peke yake. Nilihesabu hatua mara mbili. Mti wa mpaka unafanya nini katikati ya shamba la mtu? Jibu langu lilikuwa moja: mpaka wa kweli ulipita pale. Alimla babu, kisha akala na hatua thelathini.

Sikumwambia baba. Nilimwona kama mtu aliyekwisha kushindwa, anayempelekea mwizi nyasi kila mwaka. Mimi nilikuwa nimesoma. Niliamini ukweli ni haki ya kila raia, na kwamba kinachohitajika ni mtu mmoja tu wa kuusema kwa sauti. Bado naamini, ila siku hizi nasema polepole kidogo.

Ijumaa, siku moja kabla ya muda wetu kwisha, nilikwenda kwa Kashaija mchana kweupe. Nilimkuta barazani na mkewe Eustadia na wazee wawili waliokuja kumsalimu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwalimu," akasema Kashaija. Alikuwa amezidi miaka sabini, mrefu, mikono kama mizizi. "Karibu ukae. Shule wamekupa?"

"Bado."

"Watakupa. Nchi haiwezi kuishi bila watu wa kuchapa watoto."

Wazee wakacheka. Eustadia akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani na kukaushwa na maganda yake. Kashaija akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akaitafuna mbele yetu ili kila mtu aone. Ndiyo desturi: mwenyeji hutangulia, mgeni ajue hakuna sumu. Kisha akaninyoshea kikapu.

"Sitatafuna," nikasema.

Mtu wa mbali hawezi kuelewa uzito wa maneno hayo. Kwetu unaweza kukataa chakula ukasema umeshiba, unaweza kukataa pombe ukasema umeokoka. Kahawa iliyokwisha kutafunwa na mwenyeji mbele yako haikataliwi. Kuikataa ni kumwambia: wewe unaua watu.

Kashaija alinipa mlango wa kutokea. "Tumbo?" akauliza taratibu.

"Si tumbo. Nataka kujua babu yangu alitafuna nini humu ndani siku aliyoingia na hakutoka."

Eustadia akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee mmoja akasimama, kanzu ikanasa kwenye kigoda.

"We mtoto! Unajua unachosema?"

"Nakijua."

"Basi chuo kimekuharibu. Anastazi anajua uko hapa?"

"Mwache," Kashaija akasema. Alifunika kikapu, akakiweka chini kwa uangalifu kana kwamba kina mayai, akachukua fimbo yake. "Mwalimu, njoo."

Tulipita katikati ya migomba, yeye mbele. Nilishika jiwe mfukoni. Naandika hili kwa sababu nimeahidi kuandika yote: nilikuwa na jiwe. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ule mulamula, akainama kwa shida, akaanza kufukua nyasi kwa mikono. Nyasi za juu zilikuwa zimeoza. Za chini zaidi zilikuwa udongo. Chini yake kukatokea mawe, yamepangwa safu mbili, urefu wa mtu.

"Huyu hapa," akasema. "Hatua kumi kutoka kwa baba yangu, hatua sita kutoka kwa mwanangu wa kwanza. Sikumtupa. Nilimlaza na watu wangu."

Niliachia jiwe mfukoni.

Akanisimulia akiwa amekaa juu ya kisiki. Novemba ile ndege zilikuwa zinapita, na mgambo walikataza moshi mashambani. Walisema ni ishara kwa adui. Lakini babu alikuwa ameshafukia mikungu kumi na miwili ya ndizi za pombe kwenye shimo, na shimo bila moto haliivishi. Aliwasha moto kidogo tu. Moshi ukaonekana. Wakaja vijana wa mgambo na fimbo, wakamkuta anapuliza makaa. Wakasema anawaita Waganda.

"Alikuja kwangu kwa miguu yake, ubavu umevunjika. Alilala hapa siku mbili. Asubuhi ya tatu akafa. Kwa daktari tungefikaje? Wangemmalizia njiani."

"Na Murongo? Mfuko?"

"Hayo ni ya kwake mwenyewe. Alinishika kidole akasema: sema nimevuka mto. Akacheka, na kucheka kukamuumiza. Akasema, sema nimevuka mto, Kashaija, hakuna atakayeamini." Mzee akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Wakaamini. Wote. Mimi nilisubiri hata mtu mmoja aniambie naongopa."

"Lakini kwa nini? Kwa nini asingetaka watu wajue amekufa kwa kipigo?"

"Watu?" akasema. "Watu hakuwajali. Hakutaka mtu mmoja ajue."

"Nani?"

"Hilo nilimwahidi mbele ya kahawa. Wewe kahawa yangu huitaki, lakini yeye aliitafuna."

Nilirudi nyumbani kwa kupitia mpakani. Baba alikuwa anapasua kuni. Alitazama viatu vyangu, vilivyojaa nyasi zilizooza, akaweka shoka chini.

"Amekuonyesha," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ulijua?"

"Mti ulipandwa wiki ile ile. Nani anapanda mulamula katikati ya shamba lake, Theoneste? Nilipouona nikajua. Sikuuliza. Ningeuliza angejibu, na akinijibu lazima ningesema na mimi."

"Useme nini?"

Alikaa juu ya gogo. Nilikuwa sijawahi kumwona baba anakaa kazi ikiwa haijaisha.

"Nilikuwa mgambo. Mama yako ana mimba yako. Tumesimama barabarani, mkubwa wetu akaona moshi, akauliza unatoka wapi. Nikasema, unatoka kwa baba, anaivisha ndizi." Alirudia polepole, kama mtu anayeandika ubaoni. "Unatoka kwa baba, anaivisha ndizi. Walisikia 'kwa baba' wakaanza kukimbia. Neno 'ndizi' walikuwa wameshaliacha nyuma. Niliwakimbilia. Nilipofika walikuwa wamemaliza. Alinyanyua kichwa akaniona, nimesimama nao, fimbo mkononi kama wao."

Mbuzi walilia. Safari hii hakuwakumbuka.

Basi nikaelewa uongo wa Murongo ulitengenezwa kwa ajili ya nani. Babu alijua ni nani pekee aliyeweza kuujua moshi ule kwa kuuona tu. Alipendelea mwanawe awe mtoto wa mtoro kuliko ajue kwamba alimtaja baba yake, na baba akafa. Na mwanawe alijua, akatandaza nyasi miaka ishirini, kimya. Mimi niliyekuwa nikitafuta mwongo nilikuwa nimewapata watatu, na sikumpata hata mmoja wa kumchukia.

"Kesho nitasema mimi," nikamwambia. "Nitasema kaburi liko pale na mgambo walimpiga. Hawahitaji kujua zaidi."

"Watauliza nani alijua moshi ni wa nani."

"Nitasema sijui."

"Wewe ndiye unayetaka ukweli usemwe kwa sauti." Aliokota shoka. "Hukuwepo. Nilikuwepo mimi."

Jumamosi kamati ilikuja, watu sita, na kijiji kizima nyuma yao, Anatolia mbele kabisa. Baba hakuwakaribisha kwetu. Aliwapeleka moja kwa moja hadi kwenye mulamula wa Kashaija, mawe yakiwa wazi, na akasema yote akiwa amesimama. Alianza na moshi, akaja kwenye swali la mkubwa wake, akayataja maneno aliyoyajibu, halafu fimbo. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Niliwatazama wajumbe mmoja mmoja wakati anasema. Walioshtuka nikawaona. Mmoja hakushtuka. Melkiory, ambaye mwaka wa vita alikuwa kijana wa rika la mgambo wale, alikuwa amevua kofia kabla baba hajafika kwenye fimbo.

Projest alikohoa. "Pole, Anastazi. Pole sana. Lakini mimi naandika daftari. Kaburi hili limo ndani ya kibanja cha Kashaija, halimo kwenu."

"Mpaka niliupanda mimi mwaka 1953," Kashaija akasema kutoka nyuma, "na huu mti niliupanda mimi pia. Kalamu unayo? Andika mpaka unapita hapa. Toka pale hadi hapa ni hatua thelathini. Mwalimu amezipima, muulize."

Nilitaka ardhi inimeze. Hatua zile zile nilizomshtaki nazo! Projest akanitazama, nikaitikia kwa kichwa. Akaandika.

Eustadia akaja na kikapu. Kashaija akatafuna punje ya kwanza, akaninyoshea mimi kabla ya wakubwa wote. Nilichukua mbili. Ilikuwa chungu, yenye harufu ya majani, na niliitafuna hadi ganda. Baba akachukua, akampa Projest, Projest akapitisha. Kikapu kikazunguka kamati nzima kaburini kwa babu yangu, mkono kwa mkono, hadi kwa Melkiory. Alikitazama kwa muda mrefu, kofia imebanwa kwapani.

"Niacheni," akasema. "Leo tumbo linanisumbua."

Kashaija hakuchukua kikapu chake. Alikiacha pale pale mbele ya Melkiory, akangoja. Sote tukangoja.